Jumamosi za Kocha

Ukimuuliza Kocha timu yetu iko nafasi ya ngapi, alikutazama kama mtu aliyeulizwa umri wa mama yake mbele za watu. Nafasi, kwake, lilikuwa swali la wavivu. Mwenye akili aliuliza mengine: tumebakisha nani, tunamkuta wapi, tunamkuta lini. Hayo ukimuuliza, umekwisha. Chai yako itapoa, basi lako litapita, na utaondoka hapo unajua habari za vyuo ambavyo hujawahi kutia mguu.

Timu yenyewe ilikuwa ya chuo kimoja cha jioni, mashariki mwa London, mwendo mfupi kutoka Ilford. Tulikuwa watu wazima wenye kazi zetu: walezi wa wazee, madereva, wauza duka, na wanafunzi wa uuguzi kama mimi, golikipa, Mkristo wa Voi niliyeingia katika timu ya Wazanzibari kwa sababu tu nilikuwa mrefu. Ligi ya vyuo ilikuwa fupi. Ilianza majani yakianza kuanguka, ikamalizika kabla ya Krismasi, na timu nne za juu ndizo zilizoingia mtoano baada ya mwaka mpya. Sisi hatukuwa tumewahi kuingia mtoano. Kila mwaka tulikosa kwa kitu kidogo, na kila mwaka Kocha alikuwa na maelezo marefu kuhusu hicho kitu kidogo.

Siku za kazi alikuwa karani wa manispaa, na jioni alifundisha hesabu za biashara chuoni kwetu. Alikotoka na kilichomtoa huko hakupenda kukisema, nasi hatukumchokonoa. Alikuwa mwembamba, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono aliyoivaa chini ya kofia ya sufu, na koti ambalo mkewe alilitupa mara kadhaa nalo likarudi.

Somo la ratiba alilifundishia kantini. Vidude vya chumvi vilikuwa timu zinazocheza nyumbani, vya pilipili ni za ugenini, na vipakiti vya sukari ni pointi. Sisi tulikuwa chupa ya siki, daima. Alivisogeza mezani polepole, anaeleza kwamba hawa wa Thornton Heath wamebakisha mechi rahisi lakini zote ni za ugenini, na hawa wengine wamebakisha ngumu lakini ni baada ya mitihani, watacheza roho kwatu. Mama wa kantini, Mjamaika mwenye sauti ya mahubiri, alikuwa anapita kukusanya timu zote nne za juu kwenye sinia lake kwa sababu wateja wengine walitaka chumvi. Kocha alinyanyua mikono na kumwambia kwamba ameharibu msimu. Yule mama akamjibu kwamba msimu wake unanuka siki.

"Hukutani na timu, mwanangu," aliniambia siku moja. "Unakutana na wiki yake."

Nililicheka neno hilo, halafu nikaona ni kweli. Aliogopa timu za mkiani kuliko za juu, kwa sababu ya mkiani haina cha kupoteza na inacheza kwa raha. Alizipenda timu zilizokwisha fuzu, maana aliyekwisha fuzu huja uwanjani na mawazo ya chakula. Na alivipenda viporo, zile mechi zilizoahirishwa kwa theluji au maji uwanjani. Wengine waliviona viporo kuwa usumbufu. Yeye alisema mwenye kiporo hulala na matumaini.

Matumaini hayo yalitupeleka mbali. Kuna Jumamosi hatukuwa na mechi, akatukusanya stesheni, akatuvusha London nzima hadi kusini, twende tukawashangilie watu tusiowajua, eti wakiwafunga Thornton Heath sisi tunanufaika. Tulisimama pembeni ya uwanja kwenye manyunyu, tunaimba jina la chuo tulichokisoma kwenye kibao dakika kumi kabla. Wachezaji wao walitutazama kwa wasiwasi. Wazazi wao walidhani tumetumwa. Wakafungwa mabao manne. Kocha akaenda kuwapa mikono mmoja mmoja, akawashukuru kwa juhudi, na ndani ya treni ya kurudi akatuonyesha kwamba kufungwa kwao kumetusaidia pia, ukitazama kwa upande mwingine. Upande huo hatukuuona, lakini tulicheka hadi mtu mmoja akahama behewa.

Alikuwa mtu wa kinyume na mwenyewe, na hilo ndilo nililolipenda kwake. Aliapa kwamba ya kesho anayajua Mungu peke yake, halafu katika pumzi hiyohiyo anakwambia Southall watatoka sare wiki ijayo. Bahati nasibu ya chuo alikataa hata kuigusa tiketi yake, haramu, lakini usoni kwake, matokeo yakisomwa, ungedhani ameweka rehani nyumba. Alifundisha watu kupanga mambo na hakuna siku hakulikimbilia basi. Wachezaji wetu wengi walizaliwa hapa, walielewa Kiswahili chake chote na kumjibu kwa Kiingereza. Hakuwahi kuwakemea kwa hilo. Aliwakemea kwa kupiga mpira juu.

Sasa, mkewe. Bila huyo mama habari hii haina miguu.

Mkewe tulimwita Mama, sote, hata Mpolandi wetu wa beki ya kushoto. Alikuwa mkubwa wa mwili na wa kicheko, na alikuwa na dai moja zito: Jumamosi. Tangu Kocha ashike timu, Jumamosi zote za baridi zilikwenda uwanjani, na za joto zilikwenda kwenye kupanga za baridi. Mama alikwenda arusini peke yake, matangani peke yake, dukani Ilford peke yake akibeba mifuko kama punda. Kuna watu, alituambia, waliokwisha kumpa pole ya ujane. Mmoja hata alimletea mchumba.

Basi mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, aliweka sharti. Hakulificha, ukipiga simu nyumbani kumtafuta Kocha, alikusomea kwanza sharti ndipo akuite mumewe. Timu ikiingia mtoano, Kocha aendelee na mpira wake hadi magoti yakatae, naye hatosema neno. Ikikosa, filimbi inawekwa kabatini na Jumamosi zinarudi kwa mwenyewe. Kocha alikubali. Angefanyaje? Alikuwa na kiporo, na mwenye kiporo hulala na matumaini.

Kwa hiyo msimu huo kila kidude cha chumvi kilikuwa na uzito. Tulijua kwamba tukipoteza, hatupotezi pointi tu, tunampoteza mzee. Tulicheza kama watu wanaofukuzwa na mbwa. Tukashinda ambazo hatukustahili, tukafungwa na timu ya mkiani kama alivyotabiri, na ligi ilipofika ukingoni hali ilikuwa hivi: Southall walikuwa juu, wamekwisha fuzu. Thornton Heath walikuwa wa nne, wamemaliza mechi zao zote. Sisi tulikuwa wa tano, pointi mbili nyuma yao, na tumebakisha mechi moja, kiporo cha nyumbani dhidi ya haohao Southall. Tukishinda tunaingia. Sare haitoshi.

Kocha alikuwa na furaha ya bwana harusi. Timu iliyokwisha fuzu, nyumbani kwetu, mwisho wa msimu: hata angepewa kalamu aandike mwenyewe asingeandika vingine. Bibi wa ofisi ya ligi akampigia simu kumpa siku mbili achague, Jumapili mchana au Jumatatu jioni. Na hapa ndipo mtaalamu wetu alipoteleza.

Ulikuwa mwisho wa Ramadhani. Idi ingeweza kuwa Jumapili, ingeweza kuwa Jumatatu, kutegemea mwezi. Kocha alisoma vitabu vya nyota, akazungumza na jamaa mwenye darubini, akafikia uamuzi kwamba Jumamosi jioni mwezi hauwezi kuonekana kwa macho, kwa hiyo Jumapili ni siku ya thelathini ya kufunga na Idi ni Jumatatu. Akachagua Jumapili. Watafunga, alisema, lakini tumbo tupu halijamzuia mtu kukimbia. Hesabu ilikuwa safi. Kitu kimoja tu kilimpita: nusu ya timu haikufuata macho yake wala darubini ya jamaa yake. Nusu ya timu ilifuata tangazo la Makka. Na aliyekuwa kiongozi wa hao wa Makka, kwa upande wa pilau, ni mkewe mwenyewe.

Mimi sikuwa nimeelewa jambo hili mpaka nilipofika nyumbani kwao mwaka mmoja nyuma nikakuta Mama amevaa nguo mpya ya Idi, anakula biriani, na Kocha amekaa mbele yake kwenye meza hiyohiyo, amefunga, anasoma gazeti. Sahani yake ilikuwa imefunikwa kwa kawa, inasubiri magharibi. Hawakugombana. Mama alisema kila mtu ataulizwa kwa mwezi wake, na akaniongezea nyama.

Jumamosi hiyo jioni simu zikaanza kulia mashariki yote ya London. Makka wametangaza, kesho Idi. Baada ya saa moja, wengine wakatangaza: mwezi haujaonekana, kesho tunafunga. Mimi nilikuwa hosteli napiga pasi nguo za kanisani. Kocha akanipigia, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake haina mechi ndani yake.

"Golikipa," akasema, "wewe kesho huna mwezi, sivyo?"

Nikamwambia sina, nina ibada tu, na itakwisha mapema. Akashusha pumzi. Golini, angalau, alikuwa na uhakika.

Wa Makka, mama zao walikuwa wamekataa. Mtoto gani anaiacha Idi mezani akacheze mpira kwenye tope? Na mama hao wote, wakiamua jambo, walimsikiliza mmoja. Kocha hakumwomba mkewe. Sharti lilikuwa lake, aliona aibu kumwomba alivunje kwa mkono wake mwenyewe. Mama alikuwa na haja gani ya kutusaidia? Angekaa tu, akanyamaza, akakoroga chungu chake, na Jumamosi zote zilizobaki za maisha yake zingemrudia bila kunyanyua kidole. Nililala nikijua hivyo, na nikaenda kanisani nikijua hivyo, na niliiombea timu kwa namna ambayo mchungaji asingeipenda.

Nilipofika uwanjani nikasikia harufu ya pilau.

Idi nzima ilikuwa imehamia pembeni ya uwanja. Mama alikuwa hapo na khanga juu ya koti la baridi, na sufuria zilizofungwa kwa mablanketi, na akina mama wenzake, na watoto wenye nguo za kumetameta na viatu vya tope. Walikuja kwa mabasi mawili, masufuria mapajani. Alikuwa amewaambia akina mama kwamba Idi ni pale walipo watoto, na watoto wapo uwanjani, basi neno likaisha. Wachezaji wa Makka walikuwa wanavua kanzu ndani ya gari. Wachezaji wa thelathini, wale waliokuwa bado wamefunga, walikuwa wamekaa upande wa pili wa upepo, wameziba pua.

Halafu Southall wakashuka kwenye basi lao, na mambo yakaharibika kwa uzuri. Meneja wao alikuwa mzee wa Kipunjabi aliyezaliwa Kisumu. Alisimama, akanusa, akavua miwani. Akamwendea Mama moja kwa moja na kumuuliza kwa Kiswahili cha Kisumu kama hiyo pilau ni ya Mombasa ama ya Unguja. Mama akamjibu kwamba mgeni hajibiwi swali kabla hajala. Kocha alijaribu kusema kitu kuhusu muda. Mama akamtazama.

"Watu wametoka Southall kwenye baridi hii," akasema. "Unataka niwanusishe?"

Basi wakala. Nawaapia hapakuwa na hila. Ni desturi tu, mgeni hasimami kwenye harufu ya chakula akanyimwa sahani, na mgeni wa Idi ndiyo kabisa. Vijana wa Southall walianza kwa kuonja, kwa adabu, wakamaliza kwa kurudia. Mwamuzi akala. Thornton Heath, waliokuja kutazama tukifungwa, nao walipewa, na walipoanza kulalamika kwamba haya si mambo ya ligi, walilalamika na sahani mikononi. Mimi nilikula sahani mbili nyuma ya goli. Tulichelewa kuanza.

Mechi ile ilikuwa ya ajabu kuliko zote nilizowahi kudaka. Southall walicheza kama watu wanaotembea baada ya chakula. Wetu wa Makka walicheza hivyohivyo. Waliokuwa wakikimbia ni wale wetu waliofunga, wepesi kama karatasi, lakini hawakuwa na nguvu ya kupiga. Southall wakapata bao la kona ambalo nililiona vizuri sana na sikulifikia, kwa sababu ya sahani ya pili. Mpolandi akasawazisha kwa kichwa. Halafu dakika zikaenda, moja moja, na jua la Desemba, ambalo London huzama kabla ya saa kumi, likaanza kwenda nalo. Kocha alikuwa anatembea kwenye mstari, midomo inacheza, sijui kama ni dua au hesabu.

Dakika za mwisho kabisa mpira ukatoka nje karibu na masufuria, na hapohapo mzee mmoja mwenye saa akasema kwa sauti kwamba magharibi imeingia. Wale wa thelathini, wote, waliacha mpira na kukimbilia mstarini. Mama alikuwa amewasubiri. Hakuwa na Idi yao wala wao hawakuwa na yake, lakini alikuwa ameshika sinia la tende na vikombe vya maji, na aliwapa mmoja mmoja, anawaambia watafune vizuri. Mwamuzi alitazama saa yake, akatazama sinia, na akaamua kufunga kamba ya kiatu. Mpira ukarushwa. Mshambuliaji wetu, Mpemba asiyesema sana, akarudi uwanjani na tende mdomoni, akaupokea, akampita beki aliyeshiba, akampita mwingine, akapiga. Alishangilia kwa kutema kokwa.

Siwezi kuwaeleza kelele zile. Akina mama waliingia uwanjani kabla ya filimbi. Meneja wa Southall alipiga makofi kuliko sisi. Kocha alisimama palepale alipokuwa, mikono kichwani. Hakuwa akitazama goli. Alikuwa anamtazama mkewe, aliyekuwa tayari anapakua upya, safari hii kwa wale wa thelathini, na kumkaripia mtu kwamba nyama zimewekwa kwa ajili yao.

Mtoano tulicheza mara moja tu, Januari, kwenye tope, na mabao tuliyofungwa sitayataja. Kocha alirudi nyumbani anaimba. Kisha, majira ya joto yalipofika, badala ya kutuita kantini kupanga, alituandalia chai na kutuambia kwamba hatakuwa nasi tena. Tulimbembeleza, tukamkumbusha kwamba ameshinda sharti, Jumamosi ni zake kihalali. Alikubali kwamba ni zake. Hakueleza zaidi. Wengine walidhani anaumwa. Mimi nilinuna mwaka mzima, kwa kweli nilihisi ametutupa.

Miaka ikapita, nikahitimu, nikahamia hospitali ya upande mwingine wa mji. Siku moja mwishoni mwa muongo ule nilikuwa Ilford, Jumamosi, saa tisa mchana, saa ambayo mpira wote wa Uingereza unachezwa. Nikamwona Kocha ndani ya duka la vitambaa. Alikuwa ameshika vipande viwili vya hariri mbele ya dirisha, anamweleza muuzaji kwa nini hiki kitapauka kabla ya arusi na hiki hakitapauka. Uso wake ulikuwa na furaha ileile niliyoijua. Mama alikuwa amekaa nje kwenye benchi, mguu umevimba, mifuko imemzunguka.

Aliponitambua alinishika mikono yote miwili na kuuliza kwa nini nimekonda, kisha akanisogezea nafasi. Nikamwambia kwamba kuna jambo limenikaa rohoni. Jumamosi alikuwa anazitaka kuliko kitu chochote. Siku ile angekaa kimya tu zingemjia. Kwa nini alibeba masufuria?

Alinitazama kana kwamba masomo yote yale ya uuguzi yamepita bure.

"Jumamosi zake nilizitaka, mwanangu," akasema. "Lakini sikutaka aje kwangu kwa kuwa amefungwa."

Nikamuuliza, na je kama asingekuja kabisa? Kama angeendelea na mpira hadi magoti yakatae? Mama aligeuka kumtazama mumewe kupitia kioo. Kocha alikuwa amekwisha kuchagua, anatuinulia kitambaa tukione, chekundu, na muuzaji nyuma yake amejishika kichwa.

"Basi ndiyo ningejua," akasema. Akaniwekea mifuko miwili mapajani, ile mizito, na kuniambia nimsaidie kuinuka, kwa sababu basi lao linakuja na yule mzee, akipewa nafasi, atataka kulikimbilia.